Hospitali Kongwe na Hadithi za Wanyonya Damu

Karibu kila hospitali kongwe ina hadithi yake. Ndugu zetu waliolazwa katika majengo yale ya zamani, yenye kuta nene na baraza ndefu, hurudi nyumbani na habari za wodi ambayo taa huzimika zenyewe, za muuguzi aliyekufa siku nyingi ambaye bado hupita usiku akiwafunika wagonjwa shuka, au za kitanda ambacho hakuna aliyekilalia akatoka mzima. Hadithi hizo twazijua, nazo hazimdhuru mtu sana. Husimuliwa katika zamu ya usiku ili usingizi usimshike msimuliaji wala msikilizaji.

Lakini katika nchi zetu iko hadithi nyingine ya hospitali, ambayo mzimu wake si mfu. Ni mtu aliye hai, mwenye ajira, na mara nyingi amevaa sare. Yasemekana humvizia mpita njia gizani, akamziba mdomo, akampeleka mahali pa siri akatolewa damu yote, na damu hiyo ikapelekwa hospitali kufanywa dawa ya wakubwa. Hapa kwetu mtu huyo huitwa mumiani. Kenya na Uganda waliitwa wazimamoto. Zambia ni banyama, Katanga huko Kongo ni batumbula, na Malawi ni anamapopa. Majina ni mbalimbali, hadithi ni moja.

Tumeona yafaa kuieleza habari hii katika ukurasa wa nchi jirani kwa sababu inatuhusu wafanyakazi kwa kila upande. Waliosimulia walikuwa wafanyakazi: manamba, wachimba madini, wapagazi, madereva. Walioshutumiwa walikuwa wafanyakazi vilevile: wazimamoto, madresa, askari na walinzi wa usiku. Na waliouawa kwa ajili yake, hata katika mwaka 2017, walikuwa wanyonge kama sisi.

NENO LILILOVUKA BAHARI

Neno mumiani ni la kale. Asili yake ni Uajemi, ambako lilikuwa jina la dawa nyeusi, mfano wa lami, iliyotoka katika miamba. Wafanyabiashara waliieneza India na katika pwani yetu, ikatumiwa kwa mifupa iliyovunjika na kwa maumivu ya mwili. Kwa kuwa wachache waliijua asili yake, ulizuka usemi kwamba imetengenezwa kwa damu ya binadamu. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, ikatolewa mwaka 1939, inayataja yote mawili: dawa yenyewe, na imani ya watu juu ya damu.

Huko India neno hilo hilo lilihusishwa na hospitali. Mwaka 1896 mji wa Bombay, ambao leo ni Mumbai, uliingiwa na tauni. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitoa amri kwamba mgonjwa aweza kutolewa nyumbani kwake kwa nguvu na kupelekwa hospitali, awe mwanamume au mwanamke, ndugu zake wapende wasipende. Wengi waliopelekwa hawakurudi. Miongoni mwa uvumi uliozagaa siku hizo za tauni ni kwamba wagonjwa huuawa humo ili itolewe mumiani. Mwezi Oktoba mwaka huo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, wapatao elfu moja, waliishambulia hospitali ya wagonjwa wa kuambukiza ya Arthur Road.

Tumeutaja mkasa huo wa ng'ambo kwa sababu sura yake tutaikuta tena kwa jirani zetu. Kwanza huja ugonjwa mkubwa. Halafu huja amri bila maelezo. Kisha watu huchukuliwa na hawaonekani tena. Uvumi huja mwisho, kuziba pengo ambalo maelezo yalipaswa kuliziba.

KAMBI YA VISIWA VYA SSESE

Twende Uganda. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale, unaoletwa na mbung'o, ulizuka kando ya Ziwa Victoria. Katika miaka michache watu zaidi ya 200,000 walikufa. Vijiji vizima vya ufukweni vilibaki mahame, na wakazi wa visiwa wakahamishwa kwa amri ya serikali.

Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Kijerumani, Robert Koch, ambaye mwaka uliotangulia alipewa tuzo ya Nobel kwa utafiti wake wa kifua kikuu, alifika katika Visiwa vya Ssese na kupiga kambi mahali paitwapo Bugala. Wagonjwa walimjia kwa mamia. Wengine waliletwa kwa mitumbwi, wengine walibebwa na ndugu zao, maana habari ilikuwa imeenea kwamba amekuja mganga mwenye dawa. Aliwatibu zaidi ya watu elfu moja kwa sindano ya dawa iitwayo Atoxyl, yenye sumu ya aseniki ndani yake.

Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu. Lakini ugonjwa uliporudi, daktari aliongeza kipimo cha dawa. Wagonjwa wakaanza kulalamika kwa maumivu na kizunguzungu, na wengine wakatoroka. Kisha macho yakaanza kuingia giza. Watu 22 walipofuka, wala hawakuona tena maisha yao yote. Kipimo kile kikubwa kikaachwa, lakini dawa yenyewe iliendelea kutumiwa. Koch alipoondoka mwaka 1907 alishauri wagonjwa wakusanywe katika makambi maalumu. Makambi hayo yalifunguliwa pia upande wetu, chini ya utawala wa Wajerumani, kandokando ya Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika.

Msomaji na ajiweke mahali pa mwanakijiji wa wakati ule. Ndugu yake amechukuliwa akiwa anaona, amerudi kipofu. Wa pili hakurudi kabisa. Hakuna aliyemweleza kwamba dawa ile ilikuwa bado inajaribiwa, wala hakuna aliyemwuliza kama amekubali. Jioni akikaa na wenzake motoni, atasema nini? Atasema lile aliloliona, na lile asilolielewa atalijaza kwa namna ya hadithi.

SINDANO YA MGONGO

Upande wa Kongo mambo yalikwenda vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi. Chini ya Wabelgiji vikosi vya waganga vilipita kijiji kwa kijiji, watu wakapangwa mstari, wakashikwashikwa shingo kutafuta tezi zilizovimba. Aliyeshukiwa alichomwa sindano ndefu katika uti wa mgongo ili yatolewe maji ya kupimwa. Sindano hiyo huuma sana, na wakati ule mtu alishikiliwa kwa nguvu asitikisike. Aliyekutwa na ugonjwa alipelekwa lazareti, yaani hospitali ya kutengwa, ambayo baadhi yake ililindwa na askari. Mtu hakuruhusiwa kusafiri katika maeneo yale bila cheti cha daktari.

Watu waliziita lazareti hizo jela na nyumba za mauti, na hawakukosea sana. Tiba ilikuwa dhaifu, nao waliokaribia kufa ndio waliojazwa humo.

Katika migodi ya shaba ya Katanga hadithi ilipata sura nyingine. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilimiliki mgodi, nyumba za wafanyakazi, posho yao ya chakula na hospitali yao. Mtu aliingia kazini kwa kupimwa mwili, akaugua chini ya daktari wa kampuni, na akifa alizikwa na kampuni. Huko ndiko walikosimuliwa batumbula, watu wanaotumwa na wazungu usiku kukamata wapita njia, wakawafungia shimoni na kuwanenepesha kama nguruwe, ili waliwe. Katika Kongo yote ya Kibelgiji ilienea pia hofu ya nyama ya kopo, kwamba huenda iliyomo si ya ng'ombe.

Nasi manamba wa mkonge twaijua njia hiyo. Kati ya mwaka 1944 na 1965 shirika la waajiri wa mkonge lililojulikana kama SILABU lilikusanya watu kutoka mikoa ya mbali na kutoka nchi jirani, likawasafirisha kwa malori na treni mpaka mashambani. Kabla ya kupokelewa walikaguliwa kama mifugo mnadani. Uchunguzi ule haukuwa hasa wa kumponya mtu. Ulikuwa wa kupima kama atafaa kwa kazi. Mgonjwa alirudishwa, mzima akapewa namba, na kutoka namba hiyo likapatikana jina la manamba. Si ajabu basi kwamba hofu ya damu ilisafiri pamoja na watu hao, kambi kwa kambi.

KWA NINI MZIMAMOTO?

Wengi hujiuliza jinsi wazimamoto, ambao kazi yao ni kuokoa, walivyoingia katika hadithi ya hospitali. Tukiitazama kwa jicho la mfanyakazi, jibu haliko mbali.

Katika miji ya Nairobi na Kampala zama za ukoloni, mwananchi aliliona gari jekundu lenye mipira na pampu, likikaa ndani ya jengo lililofungwa. Aliwaona watu wenye sare wakikesha humo usiku wakati wengine wamelala. Moto wenyewe aliuona mara chache, na ulipotokea katika vibanda vya Waafrika gari halikuonekana haraka. Watu wale wanalipwa kwa kazi gani, basi? Kuna pampu, kuna mipira, kuna rangi nyekundu, kuna usiri. Hadithi ikajijenga yenyewe: pampu ile ni ya kuvuta damu, na damu inakwenda hospitali.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa kazi nyingi za mshahara zilizokuja na ukoloni. Zilifanywa nyuma ya ukuta, kwa zamu, kwa kengele, kwa amri, na aliyezifanya alikatazwa kueleza. Dresa aliyebeba chupa, askari aliyezunguka usiku, dereva wa gari lisilo na madirisha, wote walikuwa Waafrika waliotafuta riziki. Hadithi haikumgusa gavana wala mwenye kampuni. Ilimwangukia mtumishi wao aliyekaa jirani nasi.

Hata Dar es Salaam hatukusalimika. Mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru wa Tanganyika, ghasia zilizuka Buguruni kwa sababu ya uvumi wa mumiani. Ghasia hizo hazikumgusa mnyonyaji hata mmoja.

MULANJE, MWAKA 2017

Iwapo yupo anayedhani kwamba haya ni mambo ya kale, na atazame Malawi.

Mwaka 2002, nchi hiyo ikiwa katika njaa kali, ulienea uvumi kwamba serikali inawapa wafadhili wa kigeni damu ya wananchi ili ipewe chakula. Mapema mwaka 2003 kiongozi mmoja wa chama tawala huko Blantyre alipigwa mawe. Miaka ikapita, uvumi ukapoa. Mwezi Septemba mwaka 2017 ukafufuka katika wilaya za Mulanje na Phalombe, kusini mwa nchi, karibu na mpaka wa Msumbiji.

Mulanje ni nchi ya chai. Wakazi wake wengi ni wachumaji kama wenzetu wa Rungwe na Mufindi, wanaotoka alfajiri na kurudi giza linapoingia. Kwa hofu ya anamapopa vijana walianza kulinda njia usiku kwa mapanga na mawe. Mgeni aliyekutwa barabarani alihojiwa, na asiyeweza kujieleza alipigwa. Mwezi Oktoba Umoja wa Mataifa uliwaondoa watumishi wake katika wilaya hizo mbili. Serikali ilikataza watu kutembea tangu saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Rais Peter Mutharika alikwenda mwenyewe kuzungumza na wananchi, na polisi wakakamata watu zaidi ya 100.

Kabla hali haijatulia watu wasiopungua 9 walikuwa wameuawa, na ghasia zilikuwa zimefika Blantyre. Mmoja wa waliouawa alikuwa kijana mwenye ugonjwa wa kifafa. Haikupatikana hata chupa moja ya damu iliyoibwa, wala maiti moja iliyonyonywa. Wasiokuwa na hatia ndio waliozikwa. Na walio hai nao walipata hasara: misaada ilisimama, watumishi wa afya waliogopa kutembelea vijiji, na wagonjwa wakakosa huduma katika nchi ambayo watu wengi hawana njia nyingine ya kuipata.

UNYONYAJI WA KWELI

Wako wanaozicheka hadithi hizi na kusema ni ujinga wa watu wasiosoma. Sisi hatusemi hivyo. Mtu aliyesema kwamba wakubwa wanaishi kwa damu yake hakuwa mjinga. Alifanya kazi ya kutwa nzima kwa posho ya unga, akazeeka kabla ya umri wake, na faida akaiona ikipakiwa melini. Lugha yetu yenyewe ilimpa haki. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipotafuta neno la kumwita mtu anayeishi kwa jasho la mwenzake, halikuhitaji kwenda mbali. Lilimwita mnyonyaji, na wananchi wakaelewa mara moja.

Kosa la hadithi ni moja. Iliona kweli kwamba kuna kunyonywa, lakini ikamwonyesha mtu asiyehusika. Badala ya kuuliza nani alipanga mshahara, iliuliza dresa amebeba nini. Badala ya kudai daktari aeleze dawa yake, iliwafanya watu waikimbie hospitali wakafia nyumbani. Mwenye kampuni alistarehe, kwa kuwa wafanyakazi waliogopana wao kwa wao.

Na hospitali nazo zimebadilika, kwa sababu watu walidai zibadilike. Mulago ya Kampala ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu kaswende na malale. Leo ni hospitali kuu ya taifa, na waganga wake ni wana wa nchi. Malale yenyewe, iliyowapofusha watu wa Ssese, sasa ina dawa za kumeza.

NINI KIFANYIKE MATAWINI

Hofu ya damu haiondolewi kwa kuwakemea watu. Huondolewa kwa maelezo, na maelezo ni haki ya mfanyakazi. Tunashauri viongozi wa matawi wafanye mambo haya.

Kwanza, wauguzi wanapokuja kiwandani au shambani kupima afya, kiongozi wa tawi aombe waeleze mbele ya wote wanapima nini, wanachukua damu kiasi gani, na majibu yatakwenda kwa nani. Damu ya kupima ni kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 mwajiri anatakiwa kuwapima wafanyakazi wake. Basi mfanyakazi naye ayadai majibu ya vipimo vyake, maana mwili ni wake.

Pili, asikubali mtu kupimwa virusi vya UKIMWI kwa kificho au kwa kutishwa na msimamizi. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka mtu akubali mwenyewe, ila katika hali chache zilizotajwa humo, kama vile amri ya mahakama.

Tatu, tuelezane ukweli wa kuchangia damu. Mwili wa mtu mzima una damu kama lita tano. Mchangiaji hutoa karibu nusu lita. Maji ya damu hiyo hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa wiki kadhaa. Mwanamume hungoja miezi mitatu kabla ya kutoa tena, mwanamke miezi minne. Damu hupimwa UKIMWI, homa ya ini na kaswende, kisha huhifadhiwa katika baridi, wala haikai zaidi ya wiki chache. Ndiyo maana huombwa kila mara. Ikiisha haitoki kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu mwingine.

Nne, uvumi ukianza, kiongozi asingoje mpaka mawe yarushwe. Aitishe mkutano siku ile ile, amwite mganga wa zahanati, na kila mwenye swali alisikilizwe bila kuchekwa. Huko Mulanje watu walikufa kati ya uvumi kuanza na wakubwa kufika. Siku hizo za katikati ni zetu sisi tulio pale pale.

Hadithi za wodi zenye mizimu na ziendelee kusimuliwa, maana usiku ni mrefu na kazi ni ngumu. Lakini mwenzetu anapokatwa mkono na mashine ya kuchakata mkonge, au mama anapotokwa na damu nyingi katika kujifungua, hospitali ile kongwe itafungua jokofu lake kutafuta chupa. Ikiwa imo, ni kwa sababu mfanyakazi fulani alielezwa, akaelewa, akakunja mkono wa shati kwa hiari yake.